Usiogope Moyo Kusimamishwa, Ogopa Kuchelewa

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya upasuaji wa moyo. Najua wengine mtasema hayo ni mambo ya hospitali kubwa, hayatuhusu sisi wa huku. Yanatuhusu. Katika miaka yangu ya uuguzi nimeona familia kadhaa zikipewa barua ya kumpeleka mtoto kwa wataalamu wa moyo, barua ikakunjwa, ikawekwa chini ya godoro, na mtoto akarudi wodini baada ya mwaka mmoja au miwili akiwa amevimba miguu na tumbo, hawezi hata kulala chali kwa kukosa pumzi. Ukiwauliza wazazi kulikoni, jibu la kwanza huwa ni fedha. Sibishi, fedha ni tatizo. Lakini ukikaa nao jioni, wageni wakiisha kuondoka wodini, hutoka jibu la pili: "Sista, tumesikia kule wanausimamisha moyo."

Wamesikia kweli. Katika upasuaji mwingi wa kuziba tundu la moyo au kutengeneza milango yake, moyo husimamishwa. Ubaya ni kwamba habari hii huwafikia wazazi nusu. Wanaambiwa kwamba moyo utasimama, lakini hawaambiwi unasimamishwa kwa nini, wala unalindwa namna gani mpaka uamshwe tena. Mtu akipewa nusu ya habari, nusu iliyobaki anaijaza mwenyewe kwa hofu. Maoni yangu ni kwamba hofu hiyo inatudhuru kuliko upasuaji wenyewe, na dawa yake ni kueleza jambo zima kwa lugha ya nyumbani. Nitajaribu.

Moyo hula wapi?

Moyo wa mtu mzima una ukubwa wa ngumi yake, uzito wake ni kama gramu 300, nao hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa umejaa damu saa zote, basi unajilisha kwa damu hiyo inayopita ndani yake. Sivyo. Moyo ni kama dereva wa lori la mahindi. Amebeba magunia mia moja, lakini hali mzigo. Chakula chake ni kile kilichomo katika sahani yake. Sahani ya moyo ni mishipa miwili midogo inayochipuka pale pale mwanzoni mwa mshipa mkuu utokao moyoni, yaani aota. Kwa mtu aliyetulia, sehemu kama moja katika ishirini ya damu yote inayosukumwa hupitia mishipa hiyo miwili kwenda kulisha misuli ya moyo. Mishipa hii ikizibika, mtu hushikwa na maumivu makali ya kifua na misuli huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo, ambao siku hizi tunauona hata kwa watu wa miaka arobaini.

Sasa daktari mpasuaji anataka kushona tundu lililo ndani ya moyo. Hawezi kushona huku moyo unapiga na damu inafurika. Hakuna fundi cherehani anayemshonea mtu nguo mwilini huku mwenye nguo anacheza ngoma. Kwa hiyo damu yote inayorudi kutoka mwilini huchukuliwa kwa mipira na kupelekwa kwenye mashine ya moyo na mapafu. Mashine huitia oksijeni, huipoza kadiri inavyotakiwa, kisha huirudisha katika mshipa mkuu ili iende kwenye ubongo, figo, ini na kwingineko. Halafu daktari huubana mshipa huo mkuu kwa kibanio, kati ya mahali mpira wa mashine unapoingilia na moyo wenyewe.

Hapo ndipo penye shida ninayotaka muione. Ubongo unapata damu, figo zinapata damu, miguu inapata damu. Lakini ile mishipa miwili ya kulisha moyo imebaki upande wa pili wa kibanio. Mwili wote unakula, moyo peke yake umefunga. Ukiuacha uendelee kupiga katika hali hiyo, utamaliza akiba yake ndogo ya nguvu kwa dakika chache tu. Katika joto la kawaida la mwili, ikipita nusu saa hivi bila damu, baadhi ya misuli huanza kuharibika kiasi cha kutopona tena. Ukicheleweshwa zaidi, moyo unaweza kujikunja na kukakamaa usilegee kamwe. Mwaka 1972 mpasuaji Denton Cooley wa Houston, Marekani, na wenzake waliandika juu ya hali hiyo na kuiita "moyo wa jiwe". Walikuwa wamemaliza kazi yao, wakaondoa kibanio, na moyo haukuitika.

Kwa hiyo tunaposema moyo unasimamishwa, maana yake ni kwamba unapumzishwa ili usife njaa. Wazazi wengi wanadhani kusimamisha ndiko kunakouhatarisha. Kumbe hatari ni ule muda wa kukaa bila damu, na kusimamisha ndiyo njia ya kuupunguzia madhara.

Makaa chini ya majivu

Kila mama aliyekulia kijijini anajua namna ya kulaza moto. Usiku hauachi makaa yawake wazi, maana alfajiri utakuta majivu matupu. Unayafukia ndani ya majivu, moto unatulia, unakula kidogo kidogo, na asubuhi ukifukua na kupuliza, unawasha jiko bila kwenda kwa jirani kuomba kijinga. Madaktari wa moyo hufanya jambo la namna hiyo hiyo. Mara baada ya kubana mshipa mkuu, humimina katika sehemu iliyo karibu na moyo majimaji baridi, mara nyingi yenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi za sentigredi, ambayo hupenya katika ile mishipa miwili na kuenea kwenye misuli yote. Dawa iliyomo hulegeza moyo, nao hutulia kwa muda mfupi sana. Njia hii huitwa kadioplejia. Moyo uliotulia hivyo, usio na kazi ya kusukuma, hutumia kiasi cha sehemu moja tu katika kumi ya oksijeni unayotumia ukiwa unapiga. Ubaridi hupunguza matumizi hayo zaidi. Katika hospitali nyingi dawa hurudiwa kila baada ya dakika 20 hivi, ili kuulisha na kuupoza upya, mpaka kushona kumalizike.

Kitu kikuu katika dawa hiyo ni potasiamu, madini yale yale yaliyomo katika ndizi, maharage na viazi. Sisi wauguzi tunaiheshimu sana potasiamu. Vichupa vyake havipaswi kuchanganywa na dawa nyingine wodini, kwa sababu ukimchoma mgonjwa mshipani kwa haraka, moyo wake utasimama, na wodini hakuna mashine ya kuushikia kazi. Kitu kinachoua wodini ndicho kinachookoa katika chumba cha upasuaji, tofauti ikiwa ni kipimo, ubaridi, na mashine iliyo kando. Nilipolifahamu jambo hili vizuri, niliacha kushangaa kwa nini madaktari wa moyo huchukua muda mrefu kujifunza.

Hawakuyajua haya kwa siku moja. Mwaka 1952 huko Minnesota, Marekani, daktari F. John Lewis alimziba tundu la moyo mtoto wa kike wa miaka mitano bila mashine yoyote. Alimpoza mwili mzima mpaka nyuzi 28 hivi, akazuia damu isiingie moyoni, akafanya kazi kwa dakika tano na nusu. Fikiria mwenyewe, dakika tano na nusu za kufungua, kushona na kufunga! Mtoto alipona, lakini muda huo haukutosha kwa magonjwa makubwa zaidi. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia alifaulu kwa mara ya kwanza kutumia mashine ya moyo na mapafu.

Mwaka uliofuata, 1954, C. Walton Lillehei, naye wa Minnesota, alitumia njia ambayo mzazi yeyote ataielewa. Alimlaza mtoto kwenye meza moja na mtu mzima mwenye damu inayolingana, mara nyingi baba au mama, kwenye meza ya pili, akaunganisha damu zao kwa mipira na pampu. Moyo na mapafu ya mzazi vikafanya kazi ya watu wawili huku moyo wa mtoto unashonwa. Mtoto wa kwanza, ambaye baba yake ndiye aliyelala kando yake, alivuka upasuaji lakini alifariki siku kumi na moja baadaye kwa nimonia. Walioendeshwa kwa njia hiyo walikuwa 45, na 28 kati yao walitoka hospitali wakiwa hai. Ilikuwa njia ya hatari, maana mzazi mzima naye aliwekwa katika hatari ya kuumia, na mmoja kweli aliumia vibaya. Iliachwa mara mashine zilipokuwa bora. Lakini kila ninaposikia mzazi akisema upasuaji wa moyo ni majaribio juu ya watoto wa maskini, nawakumbuka wazazi wale wa Marekani waliolala mezani.

Mwaka 1955 Denis Melrose wa London alionyesha kwamba potasiamu inaweza kuusimamisha moyo na kuuamsha. Dawa yake ilikuwa kali mno, ikaonekana inajeruhi misuli, wapasuaji wakaiacha. Kwa miaka kadhaa wengi wakategemea kuumwagia moyo maji ya barafu tu. Ni katika miaka ya 1970 ndipo watafiti wakarudi kwenye potasiamu kwa kipimo kidogo zaidi. Dawa iliyotengenezwa katika Hospitali ya St Thomas' huko London ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1975, na wengine, kama Gerald Buckberg wa Los Angeles, wakaanza kuichanganya dawa hiyo na damu ya mgonjwa mwenyewe ili ipeleke oksijeni kwenye misuli. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikapatikana nyingine iitwayo del Nido, kwa jina la daktari aliyeongoza kuitengeneza kwa ajili ya watoto, ambayo hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudiwa. Madaktari bado wanabishana ipi ni bora. Mzazi asihangaike na ubishi huo. Ajue tu kwamba mtoto wake anaingia katika kazi ambayo makosa yake ya kwanza yalishaonekana na kusahihishwa miaka mingi iliyopita.

Na roho ya mtoto?

Mama mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo hakuthubutu kumwuliza daktari: "Mama, hiyo saa moja moyo umesimama, roho ya mwanangu inakuwa wapi?" Wapo watakaocheka. Mimi sikucheka, kwa sababu tangu utotoni tunajua mtu amekufa pale ambapo moyo umeacha kupiga, na katika lugha yetu moyo na roho hukaa nyumba moja. Nilimjibu kwamba mtoto yupo pale pale, hai, amelala kwa nusukaputi. Damu inazunguka mwilini mwake, ubongo wake unapata oksijeni, figo zake zinatoa mkojo ambao wauguzi wanaupima. Kilichopumzika ni kiungo kimoja tu, tena kwa makusudi.

Jambo hili liliwahi pia kuulizwa Roma. Mnamo Novemba 1957 Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa nusukaputi waliotaka kujua juu ya wagonjwa wanaosaidiwa na mashine. Alieleza kwamba kupambanua saa ya kifo ni kazi ya daktari, na kwamba uhai wa mtu unaendelea maadamu kazi muhimu za mwili zinaendelea, hata kama ni kwa msaada wa vyombo. Basi asije mtu kumtia mama mwenzake hofu kwamba mtoto "anauawa na kufufuliwa". Na wale wanaoukimbia Mpako wa Wagonjwa kabla ya upasuaji wakiuita sakramenti ya kufa, wamwulize paroko awafundishe vizuri. Ni sakramenti ya wagonjwa, na mtu anayekwenda kupasuliwa kwa ugonjwa mzito anaruhusiwa kuipokea.

Ulinzi wa moyo huanzia nyumbani

Nisiwadanganye. Upasuaji huu una hatari, na wapo wasiorudi. Anayekuambia hakuna hatari yoyote usimsadiki. Lakini hatari hiyo hailingani kwa kila mtu, na hapa ndipo penye neno langu kubwa.

Makaa makubwa yaliyokomaa ukiyafukia yatafika alfajiri. Yaliyokwisha kuwa majivu nusu, hata uyafukie kwa ustadi gani, hayafiki. Dawa ya kulinda moyo inaulinda moyo ulioletwa, haiwezi kuutengeneza upya. Moyo uliovimba kwa miaka mingi kwa sababu ya mlango unaovuja huwa umechoka, akiba yake ni ndogo. Moyo ambao misuli yake imenenepa kwa kusukuma dhidi ya mlango mwembamba, au kwa presha isiyotibiwa, ni mgumu kuulinda, kwa kuwa misuli minene hutaka damu nyingi na dawa haiifikii yote kwa urahisi. Mpasuaji aweza kuwa yule yule, mashine ile ile, dawa ile ile; mtoto aliyeletwa mapema anatoka, na aliyechelewa anasumbuka. Baadaye tunasema, "Fulani alipasuliwa moyo akafa," bila kusema kwamba barua yake ilikaa chini ya godoro miaka miwili.

Huku kwetu wengi wa hawa wagonjwa hawakuzaliwa na ugonjwa. Walianza na koo. Mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano anaumwa koo kwa sababu ya vijidudu viitwavyo streptokoki, anapewa vidonge vya maumivu tu, koo linapona lenyewe. Baada ya wiki mbili au tatu viungo vinavimba, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, nayo hushambulia milango ya moyo. Ikigundulika, mtoto huanzishiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili ugonjwa usirudi na kuongeza uharibifu. Sindano hiyo inauma, siwezi kukataa. Basi mtoto analia, mama anamhurumia, mwezi mmoja unarukwa, msimu wa mavuno unarukwa wote. Huruma ya namna hiyo ni ghali. Kila shambulio jipya linaondoa kipande cha ile akiba ambayo siku moja mpasuaji ataihitaji.

Na sasa niseme juu ya fedha, ingawa najua nitawaudhi baadhi. Ikitangazwa harusi, jumuiya inaunda kamati, inapata mwenyekiti na mweka hazina, kadi zinagawiwa, ahadi zinafuatiliwa kwa simu mpaka usiku. Akifa mtu, turubai na sufuria vinafika kabla ya jua kuzama. Lakini mtoto wa jirani mwenye barua ya hospitali anaachwa na wazazi wake. Tunamchangia akiwa sandukuni. Sioni kwa nini kamati ile ile ya harusi isikae kwa jioni mbili tu kwa ajili ya nauli, malazi ya mama, na fedha ya kuanzia. Zamani tungeweza kujitetea kwamba ni lazima kwenda India. Tangu mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo unafanyika Muhimbili, na tangu 2015 pana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapo hapo Dar es Salaam. Safari imekuwa fupi. Kilichobaki kirefu ni kusitasita kwetu.

Jambo jingine ni dawa za chupa. Kwenye vituo vya mabasi zinauzwa zenye kusifiwa kwamba zinalinda moyo na kusafisha mishipa. Niwape mfano wa namna madaktari wanavyolipima jambo kabla ya kulisifu. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliona kwamba ukikatiza damu kwa dakika chache katika moyo wa mbwa, kisha ukairudisha, ukarudia mara kadhaa, moyo huo unastahimili vizuri zaidi kukosa damu kwa muda mrefu. Likazuka wazo zuri: je, ukibana mkono wa mgonjwa kwa mpira wa kupimia presha, ukaachia, ukabana tena, kabla ya kumpasua, hutaukomaza moyo? Ni kitu rahisi, kila zahanati inao mpira huo. Majaribio madogo yalitia moyo. Mwaka 2015 yakatangazwa majaribio mawili makubwa, moja Uingereza lenye wagonjwa zaidi ya 1,600, jingine Ujerumani lenye karibu 1,400. Yote mawili yakaonyesha kwamba hakukuwa na faida kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Wakakiri hadharani. Sasa muulize yule muuza chupa amejaribu dawa yake kwa wagonjwa wangapi, na nani aliwahesabu. Kama umekwisha kuitumia, au unatumia mitishamba, mweleze daktari bila aibu kabla ya siku ya upasuaji, kwa kuwa zipo zinazoathiri kuganda kwa damu.

Baada ya kibanio kuondolewa

Wazazi hushtuka wakimwona mtoto chumba cha wagonjwa mahututi, mipira kila mahali, mashine inampumulia, dripu za dawa za kuusaidia moyo. Hudhani mambo yameharibika. Mara nyingi ndivyo ilivyopangwa. Kibanio kinapoondolewa, damu ya vuguvugu hupita tena katika ile mishipa miwili, huisafisha potasiamu, na moyo huanza kupiga wenyewe au kwa kushtuliwa kidogo kwa umeme. Lakini kurudishiwa damu nako kuna madhara yake. Mliowahi kukaa wodi ya utapiamlo mnajua kwamba mtoto aliyedhoofika kwa njaa hapewi sahani ya ugali siku ya kwanza, huanzishiwa maziwa mepesi kidogo kidogo. Na moyo uliofunga ndivyo hivyo, damu na joto hurudishwa kwa uangalifu. Hata hivyo kwa siku moja au mbili waweza kuwa kama mtu aliyepigwa na bumbuazi, yu hai, hajafa sehemu yoyote, ila hajapata nguvu zake. Dripu zile zinaushika mkono mpaka usimame wenyewe.

Ukiitwa kutia sahihi fomu ya upasuaji, usitie kwa kuona haya. Uliza. Moyo wa mwanangu utakaa bila damu kwa muda gani? Misuli yake iko katika hali gani sasa? Nitamwona lini, na nitamkuta na vitu gani mwilini? Daktari mwema hachukii kuulizwa, na anayechukia, mwombe muuguzi akueleze. Mkikaa kikao cha ukoo, babu akikataa kwa sababu ya yale ya moyo kusimamishwa, msomeeni ukurasa huu kwanza.

Nendeni na kadi ya kliniki yenye tarehe zote za sindano, hata zile zilizorukwa, msizifiche. Chukueni dawa zote anazotumia, pamoja na vikopo vyake. Meno ya mtoto yatazamwe mapema, kwa sababu jino bovu laweza kupeleka vijidudu kwenye milango ya moyo. Na wasiende wazazi peke yao ikiwa inawezekana. Kwa mtoto mdogo mashine ya moyo na mapafu mara nyingi hujazwa damu ya kuchangiwa kabla haijaanza kuzungusha ya kwake, nayo damu haiuzwi dukani. Wajomba na shangazi wawili watatu wenye afya njema wakifika benki ya damu ya hospitali siku chache kabla, wakiwa wamekunywa chai na kula vizuri, watakuwa wamefanya kazi kubwa.